Nafasi ya Tano: Nyumba ya Nafuu na Mahali pa Kulaza Gari

Ilikuwa usiku wa kuamkia tarehe ishirini na tatu ya Ramadhani. Baba watoto alirudi kutoka msikitini baada ya tarawehi, akakuta ua wa fleti umejaa magari, akaliegesha letu barabarani, nje ya lango, kama alivyolazimika kufanya kwa muda wa wiki tatu. Alfajiri, baada ya daku na swala, alishuka ili aende sokoni kununua nyama na viungo. Alipofungua mlango wa gari na kugeuza ufunguo, hakusikia kitu. Betri haikuwapo. Vioo vya pembeni, vyote viwili, vilikuwa vimeng'olewa.

Wasomaji wetu wanaojua maisha ya mapishi wataelewa maana ya asubuhi ile. Sisi ni nyumba ya watu sita: wazazi wawili, watoto watatu, na bibi yao mzaa baba. Riziki yetu ni sufuria na gari. Sufuria hupika, gari hupeleka. Siku ile tulikuwa na oda mbili za futari: sambusa mia tatu za kupelekwa Diani, na masinia manne ya biriani ya kupelekwa Msambweni. Za Diani tulizifikisha kwa tuktuk, nazo zilifika zimepoa. Za Msambweni hatukuweza. Tulirudisha fedha za watu na kuomba radhi kwa simu huku adhana ya magharibi ikisikika. Mteja yule hakutuita tena.

Tumeamua kuandika habari hizi kwa sababu jamaa na marafiki wengi wanahamia Pwani ya Kusini, na kila mmoja hutuuliza swali lile lile: "Huko Ukunda, nyumba za nafuu zenye maegesho zapatikana?" Jibu letu ni kwamba zapatikana. Lakini nafuu ina hesabu yake, na maegesho yana maneno yake, na asiyeyajua hayo mawili huja akalipa mara mbili, kama tulivyolipa sisi.

Kwa nini tulihama

Tuliishi Majengo, Mombasa, katika nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita. Sisi tulikuwa na vyumba viwili, na jikoni tukishirikiana na wenzetu. Nyumba zile zilijengwa na watu waliothamini baraza kuliko gari, na hatuwalaumu. Baraza imewalea watoto wengi kuliko gari lolote. Lakini gari letu lilikuwa likilala kando ya njia, na kila usiku tulimpa mlinzi wa maduka fedha kidogo alitazame.

Wateja wetu nao walikuwa ng'ambo ya pili. Harusi za Tiwi, hitima za Msambweni, wafanyakazi wa Diani waliotaka chakula cha nyumbani: kila oda ilitaka kuvuka feri ya Likoni. Mwenye kwenda kwa miguu huvuka bure. Mwenye gari hulipa, na pamoja na kulipa husubiri. Biriani haipendi kusubiri. Barabara ya Dongo Kundu, ipitayo Mwache na Mteza na kutokea Kibundani, imewaondolea wengi foleni ile, ila kwa mtu aishiye kisiwani ni mzunguko mrefu, na petroli haitolewi sadaka.

Basi tukakata shauri kuhamia Ukunda. Ni mji mdogo, umekaa juu ya barabara kuu iendayo Lungalunga, na kutoka njia panda yake mtu hufika ufuoni mwa Diani kwa muda mfupi. Ni mji wa Wadigo tangu enzi, wenye misikiti kila mtaa, madrasa karibu, na soko linalotosha. Fleti zimeota huko kwa wingi, za ghorofa mbili, tatu na nne, mahali palipokuwa na minazi na mikorosho. Tulijiwekea mpaka wa kodi: isizidi shilingi 15,000 kwa mwezi. Tulidhani tumeshaipiga hesabu.

Nyumba ya kwanza

Dalali alituonyesha nyumba tatu kwa siku moja, na kwa kila moja tulimlipa ada ya kutazama. Ile ya tatu ilitupendeza: vyumba viwili vya kulala, sebule, jikoni yenye dirisha, ghorofa ya tatu, kodi shilingi 14,000. Ilikuwa Jumapili saa nne asubuhi. Ua ulikuwa mtupu, umefagiliwa, jua limetanda. Tuliuliza juu ya gari. Mwenye nyumba alinyoosha mkono juu ya ua wote, akasema, "Maegesho si hayo? Egesheni mtakapo."

Tulitia saini karatasi ya ukurasa mmoja, tukalipa kodi ya mwezi na amana ya mwezi, tukahamia.

Jumapili saa nne asubuhi wenye magari huwa wametoka. Kwa nini hatukuliwaza hilo, hatujui. Usiku wa kwanza tulihesabu: nyumba kumi na mbili, nafasi nne. Miezi miwili ya mwanzo tulipata nafasi kwa kuwahi kurudi. Mwezi wa tatu wapangaji wawili wapya waliingia, kila mmoja na gari lake, kisha mwenye nyumba akaanza kukodisha sehemu ya ua kwa gari la abiria la mtu wa nje. Tulipolalamika, alitwambia tuwahi. Lakini mpishi hawezi kuwahi. Kazi yake huisha watu wanapokwisha kula. Hivyo ndivyo gari lilivyoanza kulala nje, na hivyo ndivyo betri ilivyokwenda.

Asubuhi ile ya wizi baba watoto alipanda kwa mwenye nyumba na hasira zake. Mwenye nyumba alimsikiliza, kisha akamjibu bila kupandisha sauti: "Bwana, gari ni lako, na barabara si yangu. Nionyeshe katika karatasi ni wapi niliposema nitalilinda."

Tulikwenda kuitazama karatasi. Ilitaja kodi, amana, tarehe ya kulipa, na katazo la kupigilia misumari ukutani. Juu ya gari haikuwa na hata neno moja. Lile neno "egesheni mtakapo" lilikuwa limetoka kinywani na kupotea hewani. Tulimkasirikia kwa muda mrefu, na bado tunaamini hakututendea haki. Lakini kadiri siku zilivyopita tulikiri kwamba sehemu ya kosa ilikuwa yetu. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi tulikuwa na daftari la oda, la unga, la mafuta ya kupikia, mpaka la deni la jirani. La nyumba hatukuwa nalo.

Sheria inafika wapi

Watu wengi hudhani kwamba serikali inawalinda wapangaji wote kwa usawa. Sivyo. Kenya ina sheria ya kudhibiti kodi za nyumba za kuishi, Sura ya 296, yenye baraza lake maalumu la kusikiliza kesi. Lakini sheria hiyo inahusu nyumba ambazo kodi yake haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi. Ni nani leo anayepata fleti kwa fedha hizo? Hivyo familia nyingi za mjini zimo nje ya kivuli chake, na kinachobaki kuwalinda zaidi ni mkataba wenyewe.

Yapo machache mengine yanayofaa kujulikana. Kwa Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012, mwenye kukaa kwa kodi ya mwezi baada ya mwezi, bila muda maalumu, hatolewi siku moja; ilani yake isipungue mwezi, naye mpangaji akitaka kuhama anadaiwa ilani kama hiyo. Mwenye nyumba anayedai malimbikizo ya kodi hana ruhusa ya kuingia na kubeba vyombo kwa mikono yake. Kazi hiyo ina utaratibu wake na hufanywa na dalali wa mnada mwenye leseni. Tena iko Mahakama ya Madai Madogo, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2016, isikilizayo madai ya fedha yasiyozidi shilingi 1,000,000, na mtu aweza kujisimamia mwenyewe bila wakili.

Wapo Waislamu wenzetu waliotushauri tumpelekee Kadhi shauri letu. Ushauri ulikuwa wa nia njema, lakini Katiba imeipa mahakama ya Kadhi mambo ya hali ya mtu binafsi, ndoa, talaka na mirathi, baina ya Waislamu wanaokubali mamlaka yake. Ugomvi wa kodi na maegesho haumo humo.

Hata hivyo dini haikutuacha gizani. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, aya ya 282 ya Suratul Baqara, inahusu kuandika deni na kuweka mashahidi. Tumeisoma tangu utotoni, tukaipita kana kwamba inawahusu matajiri wa misafara. Na mafakihi walipoeleza ijara, yaani kukodisha manufaa ya kitu, walishika jambo moja: manufaa yenyewe yajulikane, muda ujulikane, na malipo yajulikane, ili pasiwe na gharari. Sisi muda tuliujua, malipo tuliyajua. Manufaa ya ule ua hatukuyajua, wala hatukuuliza.

Kudai amana

Tulitoa ilani ya mwezi mmoja, kwa maandishi safari hii. Siku ya kukabidhi funguo, mwenye nyumba alisema amana yetu ya shilingi 14,000 imekwisha kwa rangi na bomba la jikoni. Bomba lile tulilikuta likivuja. Alituuliza, "Ushahidi mnao?" Hatukuwa nao. Hatukupiga picha hata moja siku tuliyoingia, ingawa simu zilikuwa mikononi na tulizitumia kupiga picha za mapazia mapya.

Tulimwendea mzee wa mtaa, naye akamwita mwenye nyumba, tukakaa watu wanne barazani baada ya alasiri. Walizungumza kwa upole, kahawa ikapita, na mwisho tulirudishiwa shilingi 8,000. Hatukufurahi, lakini tulishukuru kuwa tuliondoka bila kutukanana. Shilingi 6,000 zilizobaki tuliziita ada ya shule.

Kutafuta mara ya pili

Safari hii hatukwenda na dalali peke yake. Tulikwenda sisi wenyewe, mama wa nyumba akiwa mbele, na kila nyumba iliyotuvutia tuliizuru mara tatu.

Mara ya kwanza ilikuwa mchana, kutazama kuta, mifereji, soketi na maji. Tulifungua kila bomba. Maji ya visima vingi vya Ukunda yana chumvi. Tuliyaonja, tukanawa kwa sabuni tuone kama yatoa povu. Mahali ambapo maji ni ya chumvi familia hununua mitungi ya kunywa na kupikia, na mpishi huitumia kwa wingi.

Mara ya pili ilikuwa usiku, baada ya isha. Hapo ndipo nyumba husema kweli. Tulihesabu milango, tukahesabu nafasi, tukahesabu magari. Tulitazama taa ya lango kama inawaka, na kama bawabu yumo au ni kiti chake tu. Tulitazama njia kutoka gari hadi ngazi: je, mwanamke akirudi saa nne usiku na masinia mikononi, atapita mahali penye mwanga, au atapita nyuma ya tangi? Jambo hili wanaume wengi hawaliulizi, kwa kuwa halijawafika.

Mara ya tatu ilikuwa siku ya mvua. Ua mmoja tulioupenda sana ulikuwa kidimbwi. Maji yalifika katikati ya magurudumu. Ua mwingine ulikuwa na kivuli kizuri, na magari mawili chini yake. Tulipoinua macho tuliona mnazi wenye madafu na nazi zilizokomaa. Mtoto wetu mdogo ndiye aliyesema, "Mama, ikianguka je?" Tukaondoka. Kivuli cha mnazi si cha kulaza gari.

Tulipima pia umbali na bahari. Nyumba zilizo karibu na ufuo wa Diani zina kodi kubwa, na upepo wake una chumvi inayokula bati la gari. Kadiri tulivyosogea upande wa bara wa barabara kuu ndivyo kodi ilivyoshuka na kutu ikapungua, ingawa baadhi ya vichochoro ni vya mchanga, na gari lenye mzigo huzama.

Kisha tukawauliza wapangaji, hasa kina mama. Mwenye nyumba husifu chake. Jirani hana la kuficha. Tuliuliza: maji hukatika siku ngapi? Taka huchukuliwa lini? Lango hufungwa saa ngapi, na aliyechelewa hufunguliwa na nani? Madirisha yatazamana na ya nani? Stara ni sehemu ya kodi. Nyumba ambayo mke hawezi kufungua dirisha la jikoni mchana kutwa, kwa kuwa latazamana na kibanda cha vijana, ni ghali hata kama ni ya bure.

Hesabu ya nafuu

Mwisho tulibaki na nyumba mbili, na mpaka wetu wa shilingi 15,000 ulikuwa hatarini. Ya kwanza ilikuwa shilingi 14,000. Ya pili, ya chini kabisa, isiyo na ngazi ya kumchosha bibi, ilikuwa shilingi 18,000. Moyo ulikwenda kwa ya kwanza, kwa sababu moyo huona tarakimu ya mbele tu. Tukachukua kalamu.

Ile ya 14,000 haikuwa na nafasi ya gari. Tungelipa shilingi 100 kila usiku katika ua wa jirani, yaani 3,000 kwa mwezi. Ada ya bawabu na taka ilikuwa 700. Maji yalikuwa ya chumvi. Mitungi mitatu kwa siku, kwa shilingi 30 kila mmoja, ni 2,700. Jumla, shilingi 20,400.

Ile ya 18,000 ilikuwa na nafasi ya gari ndani ya lango, bawabu na taka vikiwa ndani ya kodi. Maji yake yalikuwa matamu, kwa mita, nasi tulikadiria 1,200 kwa mwezi. Jumla, shilingi 19,200.

Nyumba ya ghali ilikuwa rahisi kwa shilingi 1,200 kila mwezi, bila kuhesabu magoti ya bibi wala betri ya gari. Tuliitazama karatasi ile kwa muda, tukacheka. Mpaka wetu wa 15,000 ulikuwa sahihi kwa mtu asiye na gari na asiyepika. Kila familia ina hesabu yake, na asiyeandika hesabu yake huazima ya mwenziwe.

Bi Mkubwa na kalamu yake

Mwenye nyumba hii ya pili alikuwa mama mtu mzima, mjane, aliyejenga fleti sita juu ya kiwanja alichoachiwa na marehemu mumewe. Aliishi mlango wa pili kutoka kwetu. Tulimpelekea karatasi tuliyoiandika wenyewe kwa Kiswahili, kurasa mbili. Alivaa miwani, akasoma polepole, kisha akatutazama.

"Wanangu, mbona mwaandika yote haya? Hamniamini?"

Baba watoto aliinama, akanyamaza. Mama wa nyumba ndiye aliyejibu. "Twakuamini, Bi Mkubwa. Ndiyo maana twaandika leo, tukiwa twapendana. Kesho Mungu akituchukua, watoto wetu na watoto wako wasije wakagombana kwa jambo ambalo sisi tulilijua na wao hawalijui."

Alikaa kimya kidogo. Kisha akasema, "Basi nami nina yangu. Nipe kalamu."

Yetu yalikuwa haya. Nafasi ya tano, iliyo chini ya taa, mkabala na mlango wetu, ni ya mpangaji wa nyumba hii kwa muda wote wa mkataba, na haitakodishwa kwa mwingine. Lango hufungwa saa tano usiku, na mpangaji ana ufunguo wa mlango mdogo. Kodi haitapandishwa ndani ya mwaka, na baada ya mwaka itatanguliwa na ilani ya miezi miwili. Amana ya mwezi mmoja hurudishwa ndani ya siku kumi na nne baada ya kukabidhi funguo, ikikatwa tu uharibifu usiokuwamo katika orodha na picha za siku ya kuingia. Kila malipo yatapita kwa M-Pesa au kwa risiti.

Yake yalikuwa matatu. Gari lisioshwe kwa maji ya tangi. Mapishi makubwa ya kuni yafanywe uani nyuma, moshi usiingie madirishani mwa watu. Na siku ya harusi au msiba wa jirani, wenye magari watoe nafasi zao kwa wageni bila kununa. Alieleza kwamba aliwahi kuwa na mpangaji aliyekataa kusogeza gari lake siku jeneza lilipotolewa. "Sikuwa na karatasi," alisema, "nikabaki na machozi." Hapo tukajua kuwa si wapangaji peke yao wanaoumizwa na maneno ya hewani.

Tulitia saini sisi na yeye, na jirani wawili wakawa mashahidi. Tulipiga picha kila ukuta, kila bomba na kila kioo, tukampelekea kwa simu usiku ule ule.

Karatasi ilipoitwa kazini

Tulikaa naye mwaka na miezi minne, kwa raha. Alikuwa akitupa ndimu za uani kwake. Sisi tukimpelekea mahamri ya asubuhi. Kisha akaugua, na baada ya muda mfupi Mwenyezi Mungu akamchukua. Kwenye matanga yake, magari yote sita yalitoka uani bila kuambiwa, tukatandika mikeka mahali pake.

Baada ya arubaini, mwanawe mkubwa alikuja kutoka mjini kuusimamia urithi. Alikuwa mtu wa heshima, mwenye madeni ya hospitali mgongoni. Alitwambia kwamba mwenye kampuni ya magari ya watalii anataka nafasi tatu za mbele, kwa fedha nzuri, na ya tano imo. Tungetafutiwa mahali pa nje.

Tulisikia baridi ile ile ya alfajiri ya Ramadhani. Lakini hatukupandisha sauti. Tulimletea maji ya kunywa, kisha tukamletea zile kurasa mbili. Alisoma ya kwanza haraka. Alipofika ya pili, alipoona mwandiko wa mama yake, zile herufi kubwa zilizopinda kidogo, alisoma taratibu: maji ya tangi, moshi, jeneza. Akapitisha kidole juu ya saini.

"Mama aliandika mwenyewe?"

"Aliomba kalamu," tulimjibu.

Akazikunja, akaturudishia kwa mikono miwili. Alisema neno la mama yake hatalivunja. Nafasi ya tano ikabaki yetu. Nasi, kwa kujua mzigo alionao, tulikubali bila kinyongo kodi ipande kwa shilingi 1,000, kwa ilani ya miezi miwili, kama ilivyoandikwa. Yeye akapangisha nafasi mbili zilizokuwa hazina mwenyewe, na kila upande ukapata sehemu.

Tungalikuwa na neno la mdomo tu, angalikuwa na haki ya kutokuamini. Yeye hakuwapo siku ile, na aliyekuwapo amelala kaburini.

Neno la mwisho

Dada zetu na ndugu zetu mnaotafuta nyumba, msione haya kuuliza, wala msione haya kuandika. Nendeni usiku mkahesabu nafasi. Jumlisheni kodi na maji, na bawabu, na taka, na usiku wa gari, kisha ndipo mseme hii ni nafuu au si nafuu. Piga picha kabla hujatundika pazia. Na nyinyi wenye nyumba, mkiwa na nafasi nne msiahidi kumi na mbili. Chumo lililojaa manung'uniko halina baraka.

Nasi wapangaji tusidai haki za karatasi na kusahau haki za jirani. Tulipe siku ya kulipa. Tusizibe gari la mwenzetu. Na siku ya furaha au ya msiba, tuitoe nafasi yetu kabla hatujaombwa, kama alivyotaka marehemu Bi Mkubwa. Mwenyezi Mungu amrehemu, aipanue nafasi yake kaburini, na awajaalie wote wanaohangaika kutafuta makao wapate nyumba yenye stara na majirani wema. Amin.